Majibu ya takwimu yanapokuwa na walakini: dalili, chanzo na tiba

Jibu la takwimu likimshangaza mtu, mara nyingi hukimbilia fomula. Hubadilisha jaribio, hufuta namba mbili tatu zilizokaa vibaya, hujaribu programu nyingine, na hatulii mpaka apate jibu linalompendeza. Njia hiyo huzaa makosa mabaya kuliko tatizo aliloanza nalo. Ushauri wangu ni kurudi nyuma kwanza. Namba zilipatikanaje? Nani au nini kilipimwa? Je, kila kipimo kinasimama peke yake au kimefungamana na kingine? Matatizo mengi hujulikana hapo, kabla fomula haijaguswa.

Kabla ya dalili zenyewe, tukubaliane maneno. Kundi zima ni wote unaotaka kuwasemea. Sampuli ni wachache uliowapima. Mkengeuko sanifu unaonyesha vipimo vyenyewe vimetawanyika kiasi gani. Kosa sanifu linaonyesha wastani wako ungeyumba kiasi gani kama ungechukua sampuli nyingine na nyingine tena. Kwa sampuli nasibu, hupatikana kwa kugawa mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni makadirio yenye mipaka miwili, yaliyotengenezwa kwa njia ambayo, ikirudiwa mara nyingi, huukumbatia ukweli takriban mara 95 katika kila 100. Nadharia tete sifuri ni ile inayodai kwamba hakuna tofauti au hakuna uhusiano. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata data zilizo mbali na nadharia hiyo kama zako, au mbali zaidi, endapo nadharia yenyewe ni kweli.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Thamani ya p inaanza kwa kuchukulia kwamba nadharia tete sifuri ni kweli. Kwa hiyo haiwezi kukuambia uwezekano wa nadharia hiyo kuwa kweli. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu jambo hili mwaka 2016, na bado kosa hilo linaandikwa kila siku.

Dalili: p imezidi 0.05, na ripoti inasema "hakuna tofauti"

Chukua mashine inayopaswa kujaza chupa mililita 500. Umepima chupa 25. Wastani ni 497, mkengeuko sanifu ni 8. Kosa sanifu ni 8 kugawa kwa 5, yaani 1.6. Wastani umepungua kwa 3, na 3 kugawa kwa 1.6 ni 1.875, namba inayoitwa t. Kwa vipimo 25, mpaka wa jaribio la t la pande mbili (linaloangalia kupungua na kuzidi) kwa p ya 0.05 ni 2.064, kwa hiyo hujaufikia. P ni takriban 0.07. Mtu anafunga daftari na kuandika kwamba mashine iko sawa.

Hebu tazama wigo. 497 kutoa na kujumlisha 3.3 inatupa 493.7 hadi 500.3. Data hizi zinakubaliana na mashine iliyo sawa kabisa, na zinakubaliana vilevile na mashine inayopunja mililita 6 kila chupa. Chupa 25 zimeshindwa kutenganisha hali hizo mbili, basi. Ungepima chupa 100 ukapata wastani uleule na mkengeuko uleule, kosa sanifu lingeshuka hadi 0.8, wigo ungekuwa takriban 495.4 hadi 498.6, na p ingekuwa chini sana ya 0.001. Mashine haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uwezo wako wa kuona.

Tiba ni kuandika wigo kila mara, hasa pale p inapokuwa kubwa. Kisha jiulize: ndani ya wigo huu, je, kuna tofauti ambayo ingenifanya nichukue hatua? Kama ipo, neno sahihi ni "hatujui bado". Kama wigo wote umebanwa karibu na sifuri kiasi kwamba hata ncha yake ya mbali haina madhara, hapo una haki ya kusema tofauti yenye maana haipo. Hali hizi mbili hupewa jina moja, "si muhimu kitakwimu", na ninaona huo ni uonevu kwa msomaji.

Mpaka wa 0.05 nao usiabudiwe. R. A. Fisher aliueneza katika miaka ya 1920 kama kipimo kinachofaa kwa kazi. Hakuna sheria ya maumbile inayotenganisha 0.049 na 0.051.

Dalili: karibu kila mmoja amebadilika, lakini jaribio linasema hakuna kitu

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuifuatilia, kwa sababu chanzo chake huonekana wazi ukikaa na namba zenyewe. Watu 10 wamepimwa shinikizo la damu, namba ya juu, kabla na baada ya matibabu:

150 na 145. 138 na 135. 162 na 158. 145 na 139. 171 na 168. 133 na 131. 156 na 150. 148 na 145. 167 na 161. 140 na 138.

Wote 10 wameshuka. Wastani wa kabla ni 151, wa baada ni 147. Mchambuzi anaziweka namba kwenye safu mbili na kuiambia programu ilinganishe makundi mawili yanayojitegemea. Mkengeuko sanifu wa safu ya kwanza ni kama 12.7, wa pili 12.1. Kosa sanifu la tofauti linatoka 5.56, t ni 0.72, na p inakaribia 0.5. Wigo unaanzia hasi 7.7 hadi 15.7. Ukisoma hayo peke yake utadhani dawa ni maji matupu.

Lakini zile 12.7 na 12.1 zinapima nini? Zinapima jinsi watu wanavyotofautiana wao kwa wao: huyu ana 171, yule ana 133. Swali letu halikuwa hilo. Tulitaka kujua kila mtu amebadilika kiasi gani kutoka alipokuwa. Basi toa namba ya pili kwenye ya kwanza, mtu kwa mtu: 5, 3, 4, 6, 3, 2, 6, 3, 6, 2. Wastani ni 4 uleule. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizi ni 1.63 tu, kosa sanifu 0.52, t karibu 7.7, na p chini ya 0.001. Wigo sasa ni takriban 2.8 hadi 5.2.

Data ni zilezile. Kilichokosewa ni kuvunja jozi. Kila unapoona "kabla na baada", jicho la kushoto na la kulia, pacha na pacha, au kifaa kimoja kilichopimwa kwa njia mbili, tafuta safu ya tofauti kwanza.

Usishangilie mapema lakini. Jaribio la jozi limeonyesha kwamba shinikizo limeshuka. Halijaonyesha kwamba dawa ndiyo iliyolishusha. Kama watu hawa walichaguliwa kwa sababu siku ya kwanza walipima juu, wengi wao wangeshuka hata bila dawa, kwani kipimo cha juu sana mara nyingi hubeba ndani yake bahati mbaya ya siku hiyo. Francis Galton aliliandika jambo hili la kurudi kuelekea wastani katika karne ya 19, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Tiba ya tatizo hili ni kuwa na kundi la kulinganishia, lililogawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna fomula itakayoziba pengo hilo baadaye.

Dalili: wigo ni mpana mno, hausaidii uamuzi wowote

Chanzo cha kwanza ni idadi ndogo, na hapa watu wengi hukata tamaa wakijua bei yake: ili wigo upungue nusu, sampuli lazima iwe mara nne. Kwa asilimia, ukitaka makadirio yasiyozidi pointi 5 juu au chini, unahitaji watu kama 385. Kwa pointi 3, kama 1,070. Namba hizo ni zilezile iwe kundi zima lina watu laki moja au milioni mia moja, jambo ambalo wengi hukataa kuliamini mpaka wafanye hesabu wenyewe.

Chanzo cha pili ni mtawanyiko, nao mara nyingi unatibika kwa gharama ndogo. Kipimo kilichosomwa ovyo, kipimwe mara mbili. Kundi lenye tabaka zinazotofautiana sana, ligawanywe na kila tabaka ichukuliwe sampuli yake. Vipimo vyenye jozi, virudishwe kwenye jozi zake kama tulivyofanya hapo juu.

Dalili: wigo ni mwembamba, unapendeza, lakini ukweli uko nje yake

Hii ni hatari kuliko iliyotangulia, maana haileti maumivu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest nchini Marekani lilituma kadi takriban milioni 10 likiuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Kwa idadi hiyo, kosa linalotokana na bahati ni dogo mno, halifiki hata sehemu ya kumi ya pointi moja. Jarida likatabiri ushindi wa Alf Landon. Franklin Roosevelt ndiye aliyeshinda, kwa takriban asilimia 61 ya kura, na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa.

Majina ya jarida yalitoka kwa wingi kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Na kati ya waliotumiwa, waliojitolea kujibu walikuwa tofauti na walionyamaza. Kosa sanifu halioni hayo. Linahesabu yumbo la bahati peke yake, halihesabu mkengeuko unaoelekea upande mmoja. Ukiongeza idadi katika sampuli iliyopinda, unazidi kuwa na uhakika juu ya jibu baya.

Jinsi ya kuchunguza: linganisha sampuli na yale unayoyajua tayari kuhusu kundi zima, kama umri, jinsia, au mahali wanapoishi. Hesabu waliokataa na waliokosekana. Waulize wakusanyaji walifanya nini walipokuta mlango umefungwa. Jibu la swali hilo la mwisho limewahi kueleza mengi kuliko jedwali zima.

Kuna chanzo kingine cha wigo mwembamba wa uongo, nacho ni vipimo vilivyoshikamana. Umepima wanafunzi 800, lakini wametoka madarasa 20, kila darasa 40. Wa darasa moja wana mwalimu mmoja na mazingira mamoja, hivyo majibu yao yanafanana. Kama uwiano wa kufanana ndani ya darasa ni 0.1, mtawanyiko wa wastani wako (mraba wa kosa sanifu) umezidishwa mara 1 + 39 × 0.1, yaani 4.9. Wale 800 wana uzito wa watu kama 163 waliochaguliwa mmoja mmoja. Programu ukiiachia yenyewe itahesabu 800 bila kuuliza. Lazima uiambie ni darasa gani kila mtu ametoka.

Dalili: matokeo yalionekana vizuri, yakarudiwa yakayeyuka

Uliza kwanza majaribio mangapi yalifanywa. Ukipima nadharia tete 20 ambazo zote hazina kitu ndani, kila moja kwa mpaka wa 0.05, na zikiwa hazitegemeani, uwezekano wa kupata angalau "ugunduzi" mmoja ni 1 kutoa 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani asilimia 64. Anayeripoti huo mmoja na kunyamazia 19 amesema ukweli juu ya namba moja na amewapotosha watu juu ya kazi nzima. Marekebisho ya Bonferroni ni mepesi: gawa 0.05 kwa idadi ya majaribio, hapa 0.0025. Ni makali, yanaweza kuficha tofauti za kweli, lakini ni afadhali kuliko kimya.

Uliza pia kama data zilichunguliwa njiani. Kupima p kila baada ya muda na kusimama pale inaposhuka chini ya 0.05 kunavunja ahadi ya asilimia 5. Ukichungulia mara 5 kwa nafasi sawa, kosa la kuona tofauti isiyokuwepo hufika takriban asilimia 14. Mara 10, takriban 19. Ziko njia halali za kuchungulia, zenye mipaka iliyokazwa tangu mwanzo, na tafiti za tiba huzitumia. Zinadai kitu kimoja: idadi ya michungulio ipangwe kabla.

Hata bila ujanja wowote, "ugunduzi" huweza kuwa hewa. Fikiria nadharia tete 1,000, na 100 kati yake ndizo zenye ukweli. Tafiti zina nguvu ya asilimia 80, yaani zitaziona 80 kati ya hizo 100. Zile 900 nyingine zitatoa kengele za uongo 45 kwa mpaka wa 0.05. Jumla ni matangazo 125 ya "umuhimu wa kitakwimu", na 45 si kweli, zaidi ya theluthi moja. Nguvu ikishuka hadi asilimia 20, za kweli zitakuwa 20 dhidi ya 45 za uongo. Ndiyo maana tafiti ndogo hukosea kwa njia mbili: hupitwa na kilichopo, na wakati huohuo zile zinazotangaza ushindi haziaminiki sana.

Dalili: p ni 0.0001, lakini hakuna anayejali

Sampuli ni kubwa mno kwa swali lenyewe. Kwa watu milioni moja, tofauti ya chembe hupata p ndogo. Acha kuitaja p mwanzoni. Taja ukubwa wa tofauti kwa kipimo chake cha asili, iwe mililita, dakika au pointi, pamoja na wigo wake, halafu wenye fani waseme kama unawahusu.

Dalili: wigo wa asilimia unashuka chini ya sifuri

Kifaa 1 kati ya 30 kimeharibika. Fomula ya kawaida ya vitabuni inatoa hasi ya asilimia 3 hadi karibu asilimia 10, na hakuna uharibifu wa pungufu ya sifuri. Fomula hiyo inategemea mkunjo wa kengele (mgawanyo wa kawaida, wenye namba nyingi katikati na chache pembeni), na mkunjo huo haujapata nafasi ya kujijenga pale matukio yanapokuwa machache. Tumia fomula ya Wilson, ya mwaka 1927, ambayo programu nyingi zinayo: inatoa takriban 0.6 hadi 16.7. Ona jinsi ncha ya juu ilivyosogea. Fomula ya kwanza ilikuwa pia inaficha hatari. Na kama hakuna hata kimoja kilichoharibika kati ya 30, usiandike sifuri ukaondoka. Gawa 3 kwa 30: uharibifu bado unaweza kufika kama asilimia 10.

Dalili: vijiti vya grafu vinagusana, mtu anasema makundi ni sawa

Kwanza hakikisha vijiti hivyo, yaani mistari midogo inayochorwa juu na chini ya kila wastani, ni vya nini. Grafu nyingi hazisemi kama ni mkengeuko sanifu, kosa sanifu au wigo wa asilimia 95, na tofauti kati yake ni kubwa.

Hata vikiwa vya wigo wa asilimia 95, kugusana hakutoshi kuhukumu. Kundi moja lina wastani 10, la pili 13, kila moja na kosa sanifu la 1. Wigo wa kwanza unaishia 11.96, wa pili unaanzia 11.04, vimeingiliana. Lakini kosa sanifu la tofauti ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41, 3 kugawa kwa 1.41 ni 2.12, na p ni kama 0.03. Kinyume chake ni salama: kwa makundi yanayojitegemea, wigo mbili zisipogusana kabisa, p ya tofauti iko chini ya 0.05. Swali likiwa juu ya tofauti, chora wigo wa tofauti.

Kosa la jirani: "dawa A ina p ya 0.03, dawa B ina p ya 0.08, kwa hiyo A ni bora kuliko B". Hakuna mtu aliyewalinganisha A na B hapo. Walinganishe moja kwa moja.

Dalili: programu mbili, data zilezile, majibu mawili

Mara chache sana programu ndiyo mbovu. Angalia mambo haya kwa mfuatano. Je, mtawanyiko umegawanywa kwa n (idadi ya vipimo) au kwa n kutoa 1? Kwa sampuli, ni ya pili. Je, moja imetumia mpaka wa mkunjo wa kengele, 1.96, na nyingine mgawanyo wa t? Kwa vipimo 5 mpaka wa t ni 2.776, kwa hiyo wigo unapanuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mgawanyo huo ulitolewa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness aliyeandika kwa jina la Student, kwa sababu hiyohiyo ya sampuli ndogo. Je, moja imechukulia kwamba makundi mawili yana mtawanyiko sawa, na nyingine imetumia jaribio la Welch lisilodai hivyo? Mimi hutumia la Welch kila mara nisipokuwa na sababu ya kufanya vingine.

Mwisho, angalia kama moja ni ya upande mmoja na nyingine ya pande mbili. Ukiona p moja ni nusu kamili ya nyingine, umeshapata chanzo. Upande mmoja unaruhusiwa pale tu ulipouandika kabla ya kuziona data. Ukiwa umeshaziona, tumia ile kubwa.